Mkono wa Kulia wa Torazo

Walipomwekea Wasaburo jiwe la nne mapajani, aliacha kulia. Kuramochi hakuupenda ule ukimya. Alikuwa amefanya kazi ya upelelezi mjini Edo kwa muda wa kutosha kujua kwamba mtu anayelia bado yupo, na anayenyamaza ameanza safari.

Mpiga chapa huyo alikuwa amepigishwa magoti juu ya mbao zenye meno, mikono imefungwa kwenye nguzo nyuma yake. Mawe yenyewe yalikuwa mabapa, kila moja lina uzito wa gunia la mchele, na kila lilipoongezwa jingine, meno ya mbao yalizidi kuzama kwenye miundi yake. Damu ilikuwa imeshalowesha nyasi zilizotandikwa chini. Midomo yake imegeuka rangi ya majivu na povu lilimtoka pembeni.

"Muulize tena," alisema Bwana Otaguro, mkuu wa Kuramochi, huku akijipepea. Joto la siku hizo lilikuwa halisemeki.

Askari wa gereza alimshika Wasaburo nywele, akamwinua kichwa, akamuuliza lile lile: yeye na Torazo waligombana nini? Wasaburo akatikisa kichwa. Akapigwa ngumi ya mdomo. Akatikisa tena.

Mambo yalikuwa hivi. Torazo, mchonga mbao za picha, hodari kuliko wote upande ule wa mto, alikutwa asubuhi ya juzi amekufa katika karakana yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekatwa begani na haukuonekana popote. Aliyekuwa naye ni huyu Wasaburo, rafiki yake na mpiga chapa wake tangu ujana, amempakata maiti huku kimono chake chote kimelowa damu. Mwenyewe alisema alikuja kuchukua mbao akamkuta hivyo. Lakini majirani walisema siku iliyotangulia waliwasikia wawili hao wakifokeana mpaka watoto wakakimbia. Alipoulizwa sababu ya ugomvi huo alifunga mdomo, na kwa Otaguro hilo lilitosha.

Watu wa mtaani walikuwa na lao. Kazi ya mwisho ya Torazo ilikuwa picha ya zimwi la lango, hadithi ambayo kila mtoto wa Edo ameisikia kwa bibi yake: shujaa alilikata zimwi mkono pale langoni mwa mji, akaufungia sandukuni, zimwi likajigeuza shangazi yake mzee, likaja likilia kuomba kuuona mkono huo, na sanduku lilipofunguliwa likaunyakua na kutoboa paa. Sasa mtu aliyelichonga zimwi amepoteza mkono. Mwenye duka la picha alikuwa anauza nakala kama maji.

Kuramochi alimwomba mkuu wake muda. Alisema hajaridhika na jeraha.

"Mpaka jioni," Otaguro alijibu. "Jioni naweka la tano."

"Na akifa, Mkuu?"

"Ataandikwa kafa kwa homa. Wengi humu hufa kwa homa."

Kuramochi aliinama, akachukua fimbo yake ya chuma yenye kulabu, akatoka.

Gonroku alikuwa anamngoja mlangoni mwa karakana. Zamani alikuwa mwizi wa mifukoni. Sasa alikuwa macho na masikio ya Kuramochi, na tumbo lake lilikuwa limekua kiasi kwamba hata akitaka kurudia kazi ya zamani asingeweza kukimbia. Alikuwa amekata kamba ambayo Mzee Magoemon, mkuu wa mtaa, aliamuru ifungwe mlangoni. Mzee huyo ndiye pia aliyekuwa mkaguzi wa picha: hakuna picha iliyouzwa bila muhuri wake. Asubuhi ile ya mauaji alifika mapema, kitambaa mdomoni kwa ajili ya harufu ya damu, akawaambia majirani kazi hii si ya binadamu, wafukize ubani na waende zao.

"Mimi zimwi siliamini," alisema Gonroku. "Tazama mtungi wa sake, umejaa mpaka shingoni. Zimwi gani linaingia kwa mtu likaacha pombe?"

Kuramochi alipiga magoti sakafuni. Maiti ilikuwa imeshaondolewa lakini damu ilikuwa imebaki ilivyo, imekauka na kuwa nyeusi, nzi wakiinuka na kutua. Dimbwi kubwa lilikuwa pale kilipolala kichwa. Shingo ya Torazo ilikuwa na tundu, refu na jembamba, na patasi iliyolichimba ilikutwa chini ya meza. Lakini pale lilipolala bega palikuwa na doa dogo tu, mfano wa chai iliyomwagika.

"Moyo ulikuwa umeshasimama," alisema. "Alichomwa shingo kwanza, akafa. Mkono ulikatwa baadaye, taratibu. Tazama mikeka hii."

Mkeka ulikuwa umekatika mara tatu, nne, mahali pamoja. Hilo si pigo la upanga. Ni shoka, tena shoka la mtu asiyezoea kukata. Shoka dogo la Torazo lilikuwa limetundikwa ukutani, limeoshwa na kufutwa. Lakini mpini ulipofunguliwa, ndani ya tundu la chuma kulikuwa na damu iliyoganda.

Juu ya nguzo kulikuwa na zile alama zilizowatia majirani wazimu: michirizo mitano ya kucha. Kuramochi aliipima kwa ncha ya kidole. Yote ilikuwa na upana mmoja na kina kimoja. Alichukua patasi ya kukombea mezani akaiingiza katika mchirizo wa kwanza, ikakaa. Katika wa pili, ikakaa.

"Kwa hiyo zimwi letu limesomea useremala," alisema Gonroku.

"Swali ni moja. Umeshamuua mtu, njia iko wazi, kwa nini ukae ukate mkono?"

"Kuwatia watu hofu."

"Kwa hofu ungekata kichwa. Mkono ulikuwa na kitu."

Walipepeta vumbi la mbao sakafuni, konzi kwa konzi. Takataka zote zilikuwa nyekundu, za mti wa mcheri, ndio unaochongwa picha. Halafu Gonroku akapata kipande kimoja cha manjano, kidogo kama punje ya maharage. Kuramochi alikinusa. Ulikuwa mti wa vitana, ule wanaochongea vitana vya nywele, mgumu kama mfupa. Wachongaji hawautumii ila kwa kuziba: ukitaka kubadilisha kitu kidogo katika ubao uliokwisha chongwa, unachimba kishimo, unapachika kipande cha mti huo na kukichonga upya.

Kama Torazo alibadilisha kitu, basi ni kwenye ubao wa mwisho. Waliutoa kabatini, Kuramochi akaupangusa na kupitisha kidole gumba juu yake. Kwenye vazi la shujaa, begani, kucha yake ilikwama. Kulikuwa na kiraka cha mviringo, kimepachikwa kwa ufundi ambao jicho lisingeuona.

Akatafuta karatasi ya majaribio, ile iliyopelekwa kwa mkaguzi, akailinganisha na nakala inayouzwa. Katika ya kwanza vazi la shujaa lilikuwa na mawimbi. Katika ya pili, wimbi moja lilikuwa limegeuka mabawa mawili ya korongo.

Gonroku aliacha utani. Mabawa mawili ya korongo yalikuwa nembo ya ukoo wa Tachigami, waziri aliyekuwa ametoa amri za kukaza maisha na kupiga marufuku anasa. Wasusi walifungiwa kwa amri zake, michezo ya kuigiza ikahamishiwa nje ya mji, wapika vitamu wakavunjiwa majiko, wanawake waliofundisha muziki wakatupwa ndani.

"Hebu lete hapa," alisema, akaichukua picha na kuisogeza mlangoni. Shujaa alikuwa amesinzia kando ya sanduku, na nyuma yake, katika moshi, lilikuwa limesimama jeshi la mazimwi yakimtazama. "Huyu mwenye kitana kichwani ni msusi. Huyu mwenye ngoma, mtu wa michezo. Huyu anayebeba mwiko na kulia... Yarabi, huyu ni mpika vitamu wa pale darajani, pua ni yake. Na huyu wa kike, mwenye gambusi lisilo nyuzi?"

"Huyo ni Oriyo," alisema Kuramochi.

Oriyo alikuwa mtoto wa pekee wa Torazo. Alikuwa akifundisha gambusi nyumbani kwa baba yake, akakamatwa wakati wa baridi, akafia gerezani. Aliandikwa kafa kwa homa.

Mchoraji wa picha hiyo alikuwa amechora mazimwi tu, yasiyofanana na mtu yeyote. Ni baba aliyekwenda kuyatia sura za watu, na kisha, muhuri ulipokwisha pigwa, akatia nembo iliyomgeuza shujaa aliyesinzia kuwa waziri. Wasaburo aliiona nembo hiyo alipokuwa akipaka ubao wino na kubonyeza karatasi, nakala za kwanza zikiwa zimeshafika dukani. Ndipo walipofokeana. Na ndiyo sababu alikuwa amefunga mdomo chini ya mawe: angelitaja neno moja la ugomvi ule, mchoraji, mwenye duka na yeye mwenyewe wangekatwa vichwa, kwa kosa la kumdhihaki waziri.

"Na kipande hiki cha manjano?" Gonroku aliuliza. "Kiraka si kipo mahali pake?"

Ni kweli, kilikuwepo, kizima. Kuramochi alikigeuza tena kile kipande kidogo mbele ya mwanga. Upande mmoja ulikuwa laini kupita kiasi, ulaini wa kitu kilicholainishwa na mate kwa miaka, na kilikuwa na mviringo, na katikati tundu la msumari mwembamba. Zamani alikuwa akivishika vipande kama hivyo kila siku, kwa kuvisafisha. Marehemu baba yake alikuwa na meno ya mti: ufizi umechongwa kwa mti wa vitana, meno yenyewe ya jiwe jeupe, yamepachikwa kwa misumari.

"Torazo alimkaba mtu," alisema polepole. "Alimkaba kwa mkono wa kulia, kutoka nyuma, hivi. Mtu huyo akamng'ata kwa nguvu zote mpaka meno yakavunjika. Jino likabaki ndani ya mfupa na halikutoka. Kwa hiyo akachukua mkono mzima."

Wote wawili walimfikiria mzee mmoja, mwenye uwezo wa kununua meno ya mti, ambaye muhuri wake ulikuwa kwenye picha ile, na ambaye tangu juzi hajaonekana bila kitambaa.

Mzee Magoemon aliwakaribisha barazani kwa heshima zote. Birika lilikuwa linachemka juu ya makaa. Mbele yake palikuwa na bakuli la uji. Joto lile, na yeye amejifunga kitambaa kizito kuanzia kidevuni mpaka kifuani. Alisema jino linamsumbua. Maneno yalimtoka kwa mluzi.

Kuramochi alimsalimu kama mzee anavyosalimiwa, akamuuliza habari za mtaa, akamuuliza anaonaje habari ya zimwi. Magoemon alijibu kwamba dunia ina mambo, na kwamba mpiga chapa yule huenda alipandwa na pepo. Wakati huo Gonroku alikuwa ameomba maji, akapitia jikoni. Huko alimkuta mtumishi wa kike akinung'unika kwamba tangu juzi bwana kamkataza kufungua pipa la achari, figili zitaoza zote.

Sauti ya mfuniko ikasikika. Halafu Gonroku akasema, bila kupaza sauti, "Bwana Kuramochi, njoo uone."

Magoemon hakungoja mtu aone. Alinyakua birika akamrushia Kuramochi maji ya moto. Kuramochi aliinua mkono kukinga uso, na ngozi ya mkono ule ikajikunja kama karatasi. Mzee alikuwa ameshachomoa upanga mfupi. Gonroku alitokea jikoni mbio, na pigo la kwanza likamchukua sikio. La pili lilimpasua bega, akaanguka na kuvunja mlango wa karatasi. Magoemon alimrukia amalizie. Hapo kulabu ya fimbo ya chuma ikaunasa upanga, Kuramochi akaukunja mkono wa mzee mpaka kifundo kikalia kama kuni kavu. Akampiga fimbo ya goti. Akampiga ya mbavu. Mzee alianguka kifudifudi juu ya makaa yaliyotawanyika, akapiga ukelele, na Kuramochi akamburuta kwa kile kitambaa, kikafunguka. Shingo yake ilikuwa na alama ya zambarau, pana kama mkono wa mtu, kutoka sikio hadi sikio. Ufizi wa juu ulikuwa mtupu.

Mkono wa Torazo ulikuwa ndani ya pipa, umezikwa katika chumvi na pumba za mchele, umekunja vidole. Juu kidogo ya kifundo, katikati ya duara la jeraha, jino la jiwe lilikuwa limesimama kwenye mfupa. Mtumishi wa kike alitapika uani.

Magoemon aliketishwa ukutani, amefungwa. Alipopata pumzi alieleza mwenyewe. Alikuwa amesikia watu wakicheka dukani, akaitazama picha upya, akauona mwisho wake. Akamwendea Torazo kumsihi aitoe nembo. Torazo akamcheka, akamwambia muhuri ni wako, mzee, nami nakushukuru. Ndipo yeye Magoemon akashika patasi. Yule mtu alikuwa na nguvu za ajabu. Tundu shingoni, na bado alimkaba.

"Hutonipeleka popote, Bwana Kuramochi," alisema, mate na damu vikimtiririka. "Watauliza kwa nini nilimuua. Nitawajibu. Yule mpiga chapa wako atatoka kwenye mawe aingie kwenye upanga, na mchoraji, na mwenye duka na watu wa nyumbani kwake. Mwache afe mmoja. Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza."

Kuramochi alikuwa anaifunga ngozi ya mkono wake kwa kitambaa kilekile. Hakuinua macho.

"Muhuri ni wa nani, Mzee?"

Magoemon alitema damu pembeni.

"Picha ikiwa ni dhihaka, wa kwanza kuulizwa ni aliyeipitisha. Una watoto wa kiume wawili. Mmoja juzi kapata mtoto. Sheria itawafuata wote, nyumba itabomolewa, jina litafutwa. Lakini picha ikiwa ni ya zimwi tu, basi wewe umeua mtu katika ugomvi wa walevi, na kichwa kinachodaiwa ni kimoja."

Uani mtumishi alikuwa bado akipiga kwikwi, na Gonroku alikuwa amekaa akishikilia pale palipokuwa na sikio.

"Mimi sinywi," Magoemon alisema mwishowe. "Mtaa mzima unajua."

"Siku hiyo ulikunywa," alisema Gonroku. "Mtungi kule karakana utakutwa mtupu. Hiyo kazi niachieni, na maumivu haya."

Kabla ya kwenda gerezani Kuramochi alipitia karakana. Kwa patasi ya Torazo mwenyewe alikibandua kile kiraka na kukitia kwenye makaa. Halafu alimwambia mwenye duka azitoe nakala zote za picha ile sokoni kabla jua halijazama, na asimuulize sababu. Mwenye duka alianza kuzikusanya nakala.

Otaguro alilisikiliza ungamo la Magoemon, akalitazama jino la jiwe, akakubali. Kisha alitoa karatasi kutoka kwenye mkono wa kimono chake na kuikunjua juu ya mkeka. Ilikuwa nakala ya picha, ile yenye mabawa ya korongo.

"Mke wangu kainunua," alisema. "Nyumba nzima inacheka, na nikiingia wananyamaza. Wewe unaona nini hapa?"

"Hadithi ya zimwi la lango, Mkuu."

Otaguro alimkazia macho. Alikuwa na cheo, na watoto, na jina lake lilikuwa limeandikwa chini ya kila homa ya gereza lile. Akaikunja karatasi, akairudisha alikoitoa.

"Hata mimi," alisema. "Hata mimi naona zimwi tu. Mfungue mtu wako."

Ilichukua watu wanne kuyaondoa mawe. Wasaburo hakuweza kusimama. Miguu ilikuwa imevimba na kupasuka, na muundi mmoja ulionyesha mfupa. Kuramochi alimtuma askari kutafuta ubao wa kumbebea, akachuchumaa kando yake, akamnywesha maji kwa kiganja. Alimnong'oneza kwamba kiraka kimeungua, na kwamba hakuna atakayeulizwa chochote.

Wasaburo alilia kimya kimya. Alipopata sauti, ilikuwa kama mchakacho wa majani.

"Utawaambia watu kwamba nilistahimili."

"Ulistahimili. Nilikuwepo."

"Hapana, Bwana. Pale ulipoingia nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa naanza na jina la mchoraji."

Askari alikuwa anarudi na ubao. Kuramochi alimfuta mdomo Wasaburo kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta wino uliomwagika nje ya mstari.

"Sikusikia kitu," alisema, akamshika chini ya kwapa, akasaidiana na askari kumlaza juu ya ubao.